Hamjambo ya Kila Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, asubuhi moja, kama waliopatana. Daftari hili nimelinunua kwa sababu Mkuu wa idara amenipa kazi ya kuandika Mwongozo wa Mawasiliano kwa walimu wa chuo wanaofundisha kwa mtandao, na mimi bila kalamu mkononi sifikiri. Alinitangaza mbele ya wenzangu: "Nani mwingine kama si wewe? Wanafunzi wenyewe wanakuita Mama Tangazo." Wenzangu wakacheka. Na wacheke. Mmoja wao humaliza muhula mzima hajawaandikia wanafunzi hata mstari, na mwingine kila swali hujibu kwa kupachika picha ya kidole gumba. Mwongozo ukipendeza, kuna nafasi ya mratibu wa masomo ya mtandao, na sioni haya kusema naitaka.

Matangazo yangu ya wiki zote kumi na nne niliyaandika likizo nikayapanga kwenye mfumo. Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi linaondoka moja, lenyewe, mimi nikiwa bado nimejifunika shuka. Kila moja linaanza na "Hamjambo" na kuishia na "Mlango wangu uko wazi. Ukiwa na lolote, jibu ujumbe huu." Somo langu ni takwimu, wanafunzi ni sitini na wanne, wengi watu wazima wenye kazi zao. Hakuna atakayesema hakuambiwa.

Dari la sebuleni linavuja, tena juu ya meza ninayofundishia. Baba watoto amesema ataliangalia kesho.

Jumatano, 5 Machi

Kipindi cha kwanza. Nimefundisha saa nzima huku ndoo iko pembeni yangu, tap, tap, tap. Nikawaambia wanafunzi kwamba hiyo ni saa ya ukutani. Uongo wa kwanza wa muhula.

Baba watoto ni seremala. Nikimsema kuhusu dari anasema yeye ni wa vitanda na milango, mabati ni kazi ya watu wengine. Mganga hajigangi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Tangazo la pili limeondoka. Mimi nilikuwa nimelala.

Jumanne, 18 Machi

Zoezi la kwanza lilifungwa Ijumaa. Sitini na watatu wamelileta, mmoja hakuleta. Nimeangalia fomu yake ya kujiandikisha: mwanamume, miaka hamsini na miwili, karani kwenye kituo cha mizani ya malori, barabara kuu, mbali huko. Nimempa jina, Bwana Mizani. Kila muhula ninaye mmoja wa hivi, mtu mzima anayejiandikisha kwa shangwe kisha anayeyuka.

Mwongozo umefika kanuni ya tisa. Ya nne ndiyo ninayoipenda: mwanafunzi asimpigie mwalimu simu, kwani simu ni ya familia. Wanafunzi wangu wameshapewa tangu wiki ya kwanza.

Nimepitia pia maoni ya wanafunzi wa muhula uliopita. Kwenye mawasiliano nimepata alama kubwa kuliko wote idarani. Mmoja tu ameandika "mwalimu hajibu." Hajibu! Maswali ya kwenye ukurasa wa somo nayajibu siku hiyohiyo, hata nikiwa jikoni na mwiko mkononi. Huyo hakuwahi kuuliza, basi. Watu wanapenda kulalamika.

Jumatatu, 31 Machi

Zoezi la pili, Bwana Mizani kimya. Ndoo tumebadilisha, sasa ni beseni.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimekorofishana na mama mkwe. Anaishi nasi tangu mwaka juzi, miguu imechoka lakini ulimi mzima. Nilipita barazani na makaratasi yangu nikamwambia, "Shikamoo, Mama," nikaendelea na safari. Akaniita.

"Rudi hapa. Umeniamkia?"

"Nimekuamkia, Mama."

"Shikamoo inataka marahaba. Marahaba yangu kila siku naisemea mgongo wako."

Nikasema nina kipindi dakika tano zijazo. Akasema, "Nenda, nenda. Mgongo nimeshauzoea." Nimekasirika hadi kalamu imenivunjikia mkononi. Mtu mzima hafanyi kazi, hajui wengine wanafukuzana na saa.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya sita. Tangazo la leo nililiandika likizo kwa furaha sana: "Hamjambo! Tunakaribia nusu ya safari, hongereni, tabasamuni!" Nimelisoma kwenye simu nikiwa kitandani na nimetabasamu mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Zoezi la tatu lilifungwa Ijumaa iliyopita, na Bwana Mizani hakuleta tena. Kanuni ya chuo ni moja: ukikosa mazoezi matatu mfululizo bila kuwasiliana na mwalimu, unafutwa. Katibu wa idara ameniletea fomu. Mahali pa kujaza ni pafupi tu: *Mwanafunzi aliwasiliana?* Nimeandika "Hakuwasiliana" nikaweka saini.

Katibu akasema, "Masikini, huyu yuko mwaka wa sita. Akifutwa sasa hana pa kurudi." Shahada yetu lazima imalizike ndani ya miaka sita. Mwaka wa saba haupo, na masomo yote aliyofaulu yanakwenda na maji.

Niliinua kalamu kidogo. Kisha nikasema, "Nimemwandikia mara saba. Mimi nifanye nini zaidi, nimbebe mgongoni?"

Ijumaa, 25 Aprili

Barua yake ya kufutwa imetoka leo. Ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Mvua imelala juu ya mji kama ng'ombe aliyekataa kuamka.

Jumanne, 29 Aprili

Mwongozo umefika kanuni ya ishirini na mbili. Mkuu amefurahi, lakini anataka tarakimu: matangazo mangapi, yamesomwa na wangapi. "Watu wa takwimu bila tarakimu?" amenitania. Nimemwomba fundi wa mitambo anitolee. Huyu tunamwita Waya, kijana mpole, anaongea kwa sauti ya mtu aliyeko maktaba.

Jumatatu, 5 Mei

Niandike taratibu.

Waya alikuja saa nne na karatasi. "Mwalimu, tangu mfumo mpya uanze Agosti umetuma matangazo ishirini na manne. Yamefunguliwa karibu yote, hongera."

Nikasema, "Unaona?"

"Majibu ni mia tatu na saba."

"Majibu gani?"

"Ya wanafunzi. Waliojibu matangazo." Akaitazama karatasi yake, si mimi. "Yaliyosomwa ni sifuri. Mwalimu, lile sanduku la majibu hujawahi kulifungua?"

Nikamwambia sina sanduku. Akaomba kukaa kwenye kiti changu, akabonyeza pembeni, ukurasa wa pili, chini kabisa, na sanduku likafunguka. Mfumo wa zamani ulikuwa unaleta majibu kwenye barua pepe yangu. Huu mpya unayaweka huko peke yake, mpaka uende mwenyewe kuyachukua.

Nikawaka. "Na nyinyi mnabadilisha mambo hamsemi!"

"Tulisema, mwalimu. Agosti. Tulituma tangazo."

"Waya, matangazo ya ofisi hii yanakuja kila siku, nani ana muda wa kuyasoma yote?"

Alikuna shingo tu, na mimi nikajisikia nilichosema. Nikamwomba aniache peke yangu.

Mia tatu na saba. Kila Jumatatu niliwauliza hamjambo, na watu wakakaa chini wakajibu. "Sijambo mwalimu, ahsante kwa kutukumbuka." "Mwalimu, mfano wa tatu sijauelewa." "Mwalimu, ukituma saa kumi na mbili simu inamwamsha mtoto." Mmoja wa muhula uliopita alinialika harusini, na harusi yenyewe ilikuwa Novemba. Yuko dada mmoja aliyelijibu lile la tabasamuni: "Mwalimu, nimemzika mama jana. Lakini nitajitahidi." Huyo nilimpa arobaini na mbili kwenye zoezi la tatu, na pembeni nikamwandikia, *Ongeza umakini.*

Nilifunga mlango nikalia. Si machozi ya ustaarabu, ni yale ya kupiga kamasi. Kisha nikanawa uso nikalitafuta jina moja, nikiomba lisiwemo.

Limo mara kumi na moja.

Jumatatu hiyohiyo, jioni

Nanakili baadhi ya barua zake, nisije siku moja nikajidanganya kwamba hazikuwa hivi.

Wiki ya kwanza: "Sijambo mwalimu. Na wewe je? Mimi ni karani wa mizani, nimesoma kwa vipande vipande miaka sita, na somo lako ni moja ya mawili yaliyobaki. Kwenye kipindi nimesikia maji yanadondoka hapo kwako. Pole, najua umesema ni saa, lakini mimi nakaa chini ya bati, hiyo sauti naijua. Maji hayadondoki pale yanapoingilia. Sisi paa letu tuliliziba miaka miwili mahali pasipovuja. Mwambie fundi apande atazame misumari ya juu zaidi."

Wiki ya pili: "Mwalimu, mvua imeangusha mnara wa simu huku. Ukurasa wa somo haufunguki kabisa, ila ujumbe wako unafika nikisimama juu ya jukwaa la kupimia. Maswali yote nilikuwa nimeyanakili kabla, kwa hiyo zoezi naliambatisha hapa, maana umesema tujibu ujumbe huu."

Nililifungua. Lilitumwa siku moja kabla ya mwisho. La pili lipo pia, na la tatu. Alitumia uzito wa malori aliyoyapima mwenyewe.

Wiki ya saba: "Nadhani unasoma lakini una shughuli nyingi. Sitaki kukusumbua."

Wiki ya tisa: "Mwalimu, nimeletewa barua ya kufutwa. Imeandikwa sikuwasiliana. Labda yapo mawasiliano ya namna nyingine ambayo siyajui. Kama ipo njia nisifutwe, naomba unielekeze. Ahsante kwa kutusalimu kila wiki. Hapa kituoni huwa nawasomea wenzangu."

Huwa anawasomea wenzake.

Jumanne, 6 Mei

Rufaa inafungwa Ijumaa saa kumi jioni, tena lazima iwe karatasi yenye saini yake mwenyewe, siyo picha. Mimi wa kanuni ya nne nimetafuta namba yake, nimepiga, haipatikani. Nimepiga mara tisa. Mwishowe katibu akanipatia simu ya ofisi ya kituo.

"Mizani," sauti ikasema. Nikamtaja kwa jina lake, wakaenda kumwita. Nilisikia lori linapanda jukwaani, linanguruma, linashuka.

"Halo?"

"Mimi ni mwalimu wako wa takwimu."

"Mwalimu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Shikamoo, mwalimu."

Mtu aliyenizidi miaka miwili ananiamkia. Sikuona haki ya kuitikia marahaba. Nikamwambia nimezisoma barua zake jana, zote kumi na moja, kwamba zilikuwa zinaingia mahali nisipopajua, kwamba kosa ni langu.

"Aa," akasema. "Jana." Lori jingine likapita. "Mimi nilidhani mnasoma mnanyamaza. Nilidhani chuo ndivyo kilivyo."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningepumua.

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Uliandika tusipige, mwalimu. Kanuni ya nne."

Nilimweleza habari ya saini. Barabara imekatika mahali pawili, na zamu yake haina mtu wa kumpokea. Nikasema Mungu wangu, itakuwaje? Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, hapa yanapita malori mia mbili kwa siku. Halikosi moja la kuja huko."

Jumatano, 7 Mei

Nimemweleza Mkuu. Alifunga dirisha kwanza, mvua isiingie au maneno yasitoke, sijui.

"Andika hitilafu ya mfumo," akasema. "Kamati itamrudisha, wewe utabaki safi, mwongozo utatoka. Si uongo sana."

"Mfumo ulifanya kazi yake. Waya alitupa taarifa Agosti."

"Waya hana cheo cha kupoteza."

Nikiri hapa, maana hapa hanioni mtu: nilikubali. Nilirudi ofisini kwangu nikaandika maneno yale matatu, hitilafu ya mfumo, na yalikaa vizuri kabisa kwenye karatasi. Kisha Waya akapita mlangoni na kikombe chake cha chai, akauliza kwa sauti yake ya maktaba, "Mwalimu, yule wa mizani amepatikana?" Nikamwambia amepatikana. "Afadhali," akasema, "jana sikula vizuri." Akaenda zake.

Nimeichana ile karatasi. Nimeandika nyingine: *Mwanafunzi aliwasiliana mara kumi na moja. Mimi sikusoma. Fomu niliyosaini tarehe 16 Aprili si ya kweli.* Mkuu ameisoma akasema, "Umejichimbia mwenyewe." Nikamjibu kwamba kaburi langu ni fupi, la yule lina miaka sita.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna lori. Barabara imekatika mahali pa tatu.

Nimemwandikia yule dada aliyefiwa. Nimefuta mara nne. Mwishowe nimeandika pole, kwamba nimechelewa mwezi mzima, na kwamba nangoja jibu lake ikiwa atapenda kulitoa.

Ijumaa, 9 Mei

Tangu saa mbili nimekaa kwenye kibanda cha mlinzi pale getini, kwa sababu kutoka ofisini barabara haionekani. Mlinzi alinipa stuli na baadaye akanihurumia akanipa chai. Saa sita, hakuna. Saa nane, hakuna. Saa tisa nilianza kuyahesabu magari, maana mtu wa takwimu akiishiwa matumaini anahesabu.

Saa tisa na dakika arobaini likaja lori la saruji, refu, likasimama kuziba geti lote. Magari nyuma yake yakaanza honi. Mlinzi akatoka anapiga filimbi, "Toa hilo! Toa hilo!" Dereva, mtu mnene aliyelowa, akashuka bila haraka, akatia mkono ndani ya shati akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha.

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Takwimu."

"Haya, hizohizo. Nimelala njiani siku mbili na hii kitu kifuani."

Nikaidaka, nikaanza kukimbia. Akanishika mkono.

"Ngoja! Kasema nisiondoke bila jibu."

"Jibu gani? Ofisi inafungwa saa kumi!"

"Kasema nikuulize, hujambo?"

Honi nyuma zinalia, mlinzi anapuliza filimbi, mimi maji yananitiririka usoni. Dereva amesimama tu ananitazama, anangoja. Ametumwa, na hakuwa na nia ya kuondoka.

"Sijambo," nikasema. "Mwambie sijambo. Muulize, na yeye je?"

"Na yeye je," akarudia, kama anayekariri anuani. "Haya. Kimbia sasa, mwalimu."

Nilikimbia kwa umri wangu na viatu vyangu. Katibu aligonga mhuri saa kumi kasoro dakika tatu.

Jumamosi, 10 Mei

Nilimsomea baba watoto ile barua ya wiki ya kwanza. Alinuna. "Karani wa malori anifundishe mimi paa?" Kisha nikasikia ngazi inaegemezwa ukutani. Alikaa juu nusu saa. Aliposhuka alikwenda kunawa. Mama mkwe ndiye aliyemuuliza alichokikuta.

"Msumari," akasema. "Umelegea. Wa tatu kutoka juu."

"Kumbe ulikuwa hapo siku zote," mama mkwe akasema.

Nilikwenda nikakaa karibu yake. Nikamwamkia, nikangoja. Aliichelewesha marahaba makusudi, yule mama, akaichelewesha mpaka nikacheka.

Jumanne, 13 Mei

Kamati. Watu watano, meza ndefu. Mmoja aliuliza kama nina hakika nataka maelezo yangu yaingie kwenye kumbukumbu kama yalivyo. Nikasema nina hakika.

Bwana Mizani amerudishwa. Mazoezi yake nimeyasahihisha kama ya mtu mwingine yeyote: sitini na moja, sabini, arobaini na nane. La tatu alitafuta wastani wa wastani bila kuangalia idadi ya malori kila siku, kosa la kizembe, nimemwambia. Maelezo nimeyaandika kwa mkono kurasa mbili nikayapeleka kituo cha mafuta malori yanapojaza. Dereva wa kwanza niliyemuuliza alisema, "Wa mizani? Lete."

Mimi nimepewa barua ya onyo. Uratibu amepewa yule wa kidole gumba. Nilidhani nitaumia zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Matangazo yaliyobaki nimeyafuta yote kwenye mfumo. Leo nimeandika la leo, leo, nikiwa nimeamka. Yameingia majibu kumi na tisa na nimeyajibu yote mpaka saa sita mchana, mengine kwa mstari mmoja tu. Yule dada aliyefiwa ameandika, "Ahsante mwalimu. Nilidhani hukuona."

Mwongozo nimeukabidhi pia. Mkuu aliugeuza nyuma akitafuta kurasa nyingine.

"Mmoja tu? Zile kanuni ishirini na mbili?"

"Nimezichoma." Kwa kweli nimezitupa tu, lakini kuchoma kunasikika vizuri.

Akasoma kwa sauti: "Kabla hujawatumia wanafunzi chochote, jitumie mwenyewe, ujibu, kisha ulitafute jibu lako mpaka ulipate. Ukiuliza hamjambo, ngoja. Mwanafunzi akinyamaza, mtafute kabla hujasaini." Akaniangalia juu ya miwani. "Hili la mwisho litawachosha walimu."

"Litawachosha," nikakubali.

Jumatatu, 2 Juni

Wiki ya mwisho. Mvua imekatika, sebule ni kavu, na beseni limerudi kuoshea vyombo.

Jumatatu, 9 Juni

Mtihani wetu hufanyika ukumbini, ana kwa ana, mara moja tu kwa muhula. Sura zao sizijui, nawajua kwa majina na makosa. Kwa kawaida hukaa mbele na karatasi zangu. Leo nilisimama mlangoni. Kila aliyeingia nilimuuliza hujambo na nikangoja jibu. Msimamizi wa mtihani akalalamika kwamba foleni imefika kwenye ngazi. Nikamwambia foleni itakwisha.

Wengi walijibu haraka, macho kwenye viti, wana hofu zao. Yule dada aliyefiwa alinitajia jina lake, akanishika mkono kwa mikono miwili akapita. Nimehesabu, ndiyo, hiyo ni tabia yangu. Wa hamsini na nane alikuwa mtu mrefu, mvi kidogo, shati limepigwa pasi kwa bidii, viatu vina vumbi la saruji. Alisimama mbele yangu na hakuonyesha dalili ya kupita.

"Hujambo," nikamwambia.

"Sijambo, mwalimu. Dereva alinifikishia, kwamba umeuliza. Mimi sijambo kabisa." Nyuma yake watu wanasukumana, yeye amesimama tuli. "Na wewe je? Na lile dari?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwa ajili ya siku hii. Ya kuomba radhi, mazuri, nilikuwa nimeyakariri njiani. Niliyaacha, maana yeye hakuwa ameyauliza.

"Ulikuwa msumari," nikamwambia. "Wa tatu kutoka juu."

"Nilijua," akasema, akaingia kufanya mtihani.